Usizike Mayai Viza: Mwongozo wa Kujua kwa Nini Mashine Haiangui na kwa Nini Vifaranga Wanatoka na Kasoro

Mara ya kwanza nilipotia mayai kwenye mashine ya kuangulia, hapa Lanet, Nakuru, niliweka 88 nikapata vifaranga 31. Yale 57 yaliyobaki niliyatia kwenye gunia usiku, majirani wasione, nikayafukia nyuma ya choo. Katika siku zile 21 nilifanya makosa mengi, lakini hilo la mwisho ndilo lililonigharimu zaidi, maana nilizika ushahidi. Mzunguko wa pili nikapata 34. Safari hii niliketi kivulini na karai, magazeti makuukuu na kisu cha mezani, nikayavunja yote 54 moja baada ya jingine. Harufu sitaisimulia. Lakini kabla ya chakula cha mchana nilikuwa najua kitu ambacho miezi miwili ya kuuliza uliza haikunipa.

Wengi wetu matokeo yakiwa mabaya tunaanza kuchezea mashine. Leo tunapandisha joto, kesho tunaongeza maji, keshokutwa tunamlaumu aliyetuuzia mayai. Mimi nakuambia anza na mayai yenyewe. Ukishajua kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika ndani ya yai, kilikufa siku ya ngapi, orodha ya washukiwa inapungua kutoka ishirini hadi watatu au wanne.

Piga hesabu mbili, si moja

Ukisema "niliweka 88 nikapata 34", hujasema kitu. Tenganisha mayai yasiyo na mbegu na yale yaliyokuwa na mbegu yakafa njiani. Yasiyo na mbegu ni shauri la jogoo na mitetea. Yaliyokufa njiani ni shauri la utunzaji wa mayai, mashine, au lishe ya wazazi. Katika mzunguko wangu wa pili, mayai 14 hayakuwa na mbegu. Kwa hiyo yenye mbegu yalikuwa 74, na vifaranga 34 kati ya 74 ni kama asilimia 46. Mfugaji wa nyumbani mwenye mashine ndogo na mayai mazuri anaweza kufikia vifaranga 75 hadi 85 kwa kila mayai 100 yenye mbegu. Mimi nilikuwa mbali sana na hapo.

Kabla ya hayo yote, hakikisha mayai yenyewe yangeweza kuwa na mbegu. Mwaka jana mama jirani alinijia na trei tatu alizonunua sokoni kwa bei ya jioni.

"Mama, kuku waliotaga haya wana jogoo?"

"Jogoo wa nini tena? Si ni mayai?"

Mayai ya kuku wa kizimbani wanaofugwa kwa ajili ya kutaga tu hayana jogoo, na yanaweza kukaa kwenye mashine mpaka Krismasi bila kutoa kifaranga. Tulikaanga trei moja, mbili akauza.

Siku ya kuvunja

Subiri hadi mwisho wa siku ya 22, au saa 24 tangu kifaranga wa mwisho atoke. Mulika kila yai kwa tochi kwanza, na uliweke sikioni. Likitikisika lenyewe au likilia, lirudishe. Yanayobaki yapeleke nje. Vaa glavu, na lile linalotoka jasho la rangi ya chai au linalonuka lifunike kitambaa kilicholowa kabla ya kuligusa, kwa sababu huweza kupasuka kama bomu. Kumbuka pia siku uliyoanza: siku ya kuweka mayai ni sifuri, siyo moja. Nimeona watu wakihangaika eti mayai yamechelewa, kumbe wamehesabu vibaya.

Pasua upande butu, palipo na chumba cha hewa. Menya ganda taratibu, tazama utando, kisha mwaga kilichomo kwenye karai. Panga mafungu manne.

Fungu la kwanza ni mayai meupe, yasiyo na chochote ila kiini na ute. Hapa pana mtego: yai ambalo halikupandwa na yai ambalo kiinitete chake kilikufa siku ya kwanza au ya pili yanafanana sana baada ya wiki tatu za joto. Njia ya kuyatofautisha ni kuvunja mayai matano mabichi ya kuku walewale, yale ya kula asubuhi, na kutazama doa jeupe lililo juu ya kiini. Doa dogo lililojaa, lenye kingo zisizo sawa, halina mbegu. Doa lililo kama pete, mviringo wenye katikati hafifu na upana wa kama milimita nne, lina mbegu. Ukipata pete katika yote matano huku mashine ikikupa mayai meupe mengi, usimlaumu jogoo. Mayai yalikufa kabla hata ya kuanza, na mara nyingi ni kwa kukaa sana stoo au kutikiswa barabarani.

Fungu la pili lina pete ya damu, au kiinitete kidogo chenye jicho jeusi. Hiki kilikufa wiki ya kwanza. La tatu ni la siku ya 8 hadi ya 17: utaona mwili, vidole, manyoya yakianza, na kiini kikubwa bado kiko nje ya tumbo. Fungu hili huwa dogo. Likiwa kubwa, shtuka.

La nne ni kifaranga kamili aliyelijaza yai, na pengine ameshadonoa ganda. Hesabu yangu ilikuwa 14 bila mbegu, 6 ya wiki ya kwanza, 3 ya katikati, na 31 ya siku za mwisho, tisa kati yao wakiwa wamedonoa tundu na kufia humo humo.

Usihuzunike ukikuta vifo vichache mwanzoni na mwishoni. Siku ya 3 hadi ya 5, na siku tatu za mwisho, ndizo ngumu kwa kifaranga yeyote, hata chini ya kuku. Mwanzoni viungo vinajengwa, mwishoni anaacha kupumua kupitia mishipa ya ganda na kuanza kutumia mapafu. Kinachotafutwa ni fungu lililovimba kupita kiasi.

Kuwasoma waliofia mwishoni

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa wengi wanaoniuliza wako hapa. Kifaranga aliyekufa siku ya 19 hadi ya 21 anakuonyesha mambo manne: chumba cha hewa, unyevu wa mwili, kichwa kilipo, na kiini cha njano.

Chumba cha hewa kikiwa kikubwa kupita kiasi, utando mkavu kama karatasi ya nailoni, na kifaranga amegandamana nao manyoya yakiwa yameshikwa, yai lilikauka. Chumba kikiwa kidogo, kifaranga amevimba, amelowa, na ute unamwagika puani ukimmenya, yai halikupoteza maji ya kutosha: unyevu ulikuwa juu mno, au joto chini. Huyu wa pili huzama, kusema kweli, anapodonoa kuingia kwenye chumba cha hewa.

Kichwa kinatakiwa kiwe chini ya bawa la kulia, mdomo ukielekea chumba cha hewa upande butu. Ukikuta kichwa kiko upande uliochongoka, mayai yaliwekwa kichwa chini, au hayakupinduliwa inavyostahili. Kichwa katikati ya mapaja au chini ya bawa la kushoto hutokea mara moja moja tu, lakini yakiwa mengi tazama joto na upinduaji.

Kiini cha njano kinapaswa kuwa kimeingia tumboni kufikia siku ya 20 hivi. Kikiwa bado nje kwa wengi, walichelewa kukua au walikufa wakiharakishwa na joto.

Wangu 31 karibu wote walikuwa wakavu, na chumba cha hewa kimekula zaidi ya theluthi ya yai. Lakini mashine ilikuwa inaniambia unyevu ni asilimia 58 muda wote, na 66 siku za mwisho. Nilikuwa na mashine yenye kioo kinachosema vizuri na vifaranga wanaosema vingine. Nikaamua kuamini vifaranga.

Pima vipimo vyenyewe

Kipima unyevu hupimwa kwa chumvi ya jikoni. Chukua kizibo cha soda, kijaze chumvi, ongeza matone machache ya maji hadi iwe kama uji mzito usiomwagika. Weka kizibo pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko au chupa ya plastiki inayofunga kabisa, uache saa nane au zaidi mahali pasipobadilika joto. Ndani humo unyevu utakuwa asilimia 75. Changu kilisoma 87. Maana yake mashine yangu ilikuwa ikiniongopea kwa 12: ile 58 ilikuwa 46, na ile 66 ya siku za mwisho ilikuwa 54. Kama kihisio kimeshonewa ndani ya mashine, nunua kipima unyevu kidogo cha pembeni, kipime kwa chumvi, kisha ukiweke ndani kilinganishwe.

Kipimajoto nacho kina njia mbili. Barafu iliyopondwapondwa kwenye maji kidogo inatakiwa isome 0. Lakini hitilafu kwenye 0 si lazima iwe ileile kwenye 37, kwa hiyo mimi napenda zaidi kulinganisha na kile cha kupimia homa cha dijitali: maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, vipimo viwili vikishikwa pamoja, soma vyote karibu na 37.5. Usitumie maji yanayochemka. Nimeona ushauri huo mara nyingi, na pwani ungefaa, lakini Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kama nyuzi 94 hapa. Hata Kisumu, huko chini karibu na ziwa, ni kama 96. Ukirekebisha kipimajoto eti kisome 100 sufuria ikichemka, umeharibu mashine kwa mikono yako.

Kisha pima joto ndani ya mashine katika pembe zote nne na katikati, kipimajoto kikiwa usawa wa mayai. Mashine ndogo nyingi zina pembe ya joto na pembe ya baridi. Kama tofauti inazidi nusu nyuzi, zungusha trei kila siku.

Unyevu na jambo la mwinuko

Vitabu vidogo vinavyokuja na mashine vimeandikwa kwa mtu wa tambarare. Hewa yetu ya Nakuru ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa. Maji hutoka kwenye yai haraka zaidi katika hewa nyepesi, na oksijeni ni haba. Ndiyo maana mtu wa Kisumu na mtu wa Njoro au Mau Narok wanaweza kutumia mashine aina moja, namba zilezile, wakapata matokeo tofauti, na wa juu asijue kosa lake ni nini. Huku juu, na hasa Januari na Februari vumbi linapotawala, mimi naweka unyevu wa kweli 55 hadi 60 hadi siku ya 18, kisha 68 hadi 72. Chini ziwani 50 hadi 55 hutosha kwa kipindi cha kwanza.

Lakini usiniamini mimi wala kitabu. Amini mizani. Yai zuri hupoteza kama asilimia 12 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Chagua mayai 30, yatie alama kwa penseli, yapime pamoja kwa mizani ya jikoni. Tuseme yana gramu 1,650. Siku ya 6 yawe karibu 1,580, siku ya 12 karibu 1,510, na siku ya 18 kati ya 1,435 na 1,450. Yakishuka kwa kasi zaidi, ongeza upana wa maji. Narudia, upana, siyo kina: karai pana lenye maji ya kidole kimoja hutoa unyevu kuliko ndoo iliyojaa. Yakishuka polepole, punguza maji. Ukitoa yai jeupe baada ya kumulika, ondoa uzito wake pia kwenye hesabu ya mwanzo, la sivyo utajidanganya.

Mzunguko wa tatu nilifanya hilo tu, sikugusa kitu kingine. Mayai 88, 12 bila mbegu, na kati ya 76 yaliyobaki wakatoka 61. Asilimia 80. Ningekuwa nimebadilisha joto, chakula na jogoo kwa pamoja, hadi leo nisingejua ni kipi kilichonisaidia.

Joto: saa ya kuangua inakuambia

Mashine yenye feni iwe 37.5 hadi 37.8. Isiyo na feni, joto lipimwe usawa wa juu ya mayai na liwe 38.3 hadi 38.9, kwa sababu hewa moto hupanda. Wengi wenye masanduku ya balbu ya kujitengenezea hukosea hapo: wanapima juu ya boksi, mayai yako chini kwenye baridi.

Vifaranga wakianza kutoka siku ya 19 na kumaliza ya 20, wadogo, wakavu, vitovu vikiwa na damu, joto lilikuwa juu. Wakivuta hadi ya 22 na ya 23, wakiwa wakubwa, laini, wavivu wa kusimama, lilikuwa chini. Wakitawanyika siku tatu nzima, wengine wa 20, wengine wa 23, basi joto si sawa katika mashine, au ulichanganya mayai mapya na ya wiki mbili.

Kuzidi kwa joto ni kubaya kuliko kupungua. Yai linavumilia baridi ya saa chache, lakini nyuzi 40 na kitu kwa saa chache huua wengi na kuwaacha wengine na kasoro. Kwa hiyo mashine isikae dirishani penye jua la mchana, wala chini ya mabati yasiyo na dari. Na Julai, usiku wa Nakuru ukishuka hadi nyuzi kumi, chumba chenyewe kisiwe baridi kuliko 20.

Stima ikipotea

Wiki mbili za kwanza, funga mashine, ifunike blanketi, zungushia chupa za maji moto zilizoviringishwa taulo. Usifungue kuchungulia. Wiki ya mwisho mambo yanageuka, kwani vifaranga wenyewe wanatoa joto na wanahitaji hewa. Ukiwafunga kabisa kwa mablanketi wanakosa pumzi. Funika, lakini acha matundu ya hewa wazi. Jiko la makaa usiliingize kwenye chumba hicho hata iweje. Moshi wake usioonekana unaua vifaranga, na unaua watu pia.

Stima ikirudi baada ya saa tatu nne, endelea. Mulika baada ya siku nne uone mishipa. Huenda wakachelewa nusu siku au zaidi, kwa hiyo usizime mashine siku ya 21 kwa hasira.

Kupindua na kutofungua

Pindua angalau mara tatu hadi tano kwa siku, hesabu iwe witiri ili yai lisilale upande uleule kila usiku. Mashine zinazojipindua kila saa moja au mbili ni bora, lakini hakikisha inapinduka kweli: chora msalaba kwenye yai moja asubuhi, ulitazame mchana. Nimeshuhudia mota iliyokatika meno ikizunguka patupu wiki nzima. Siku ya 18 acha kupindua, weka mayai kwenye trei ya kuangulia, fungua matundu ya hewa, ongeza maji, funga. Kuanzia hapo kila ukifungua kumtoa kifaranga mmoja, unakausha utando wa wengine waliokwisha kudonoa. Kifaranga anaweza kukaa ndani saa 24 hadi 48 bila kula, maana bado ana kiini tumboni. Muache.

Na kumsaidia kutoka? Kutoka kudonoa hadi kutoka ni saa 12 hadi 24. Kabla ya hapo usimguse. Ukipasua na kuona mshipa wa damu, acha mara moja, bado hajaunyonya wote.

Mayai kabla ya mashine

Kama fungu la kwanza au la pili ndilo lililovimba, mashine yako huenda haina kosa. Jogoo mmoja kwa mitetea minane hadi kumi inatosha. Jogoo mnene, mzee, au mwenye miguu mibovu hapandi. Majogoo watatu kwenye boma dogo hupigana badala ya kufanya kazi.

Mayai yasikae zaidi ya siku saba, mahali penye ubaridi wa nyuzi 12 hadi 18, upande butu juu. Jikoni karibu na meko si mahali, na friji ni baridi mno. Yai chafu lipanguse kwa kitu kikavu, usilioshe kwa maji baridi, kwa sababu yai moto likipoa hunyonya uchafu ndani kupitia vinyweleo. Yaliyosafiri kwa bodaboda au kwenye buti ya matatu kutoka Bungoma yapumzishe saa 24, upande butu juu, kabla ya kuyatia. Likimulikwa na chumba cha hewa kikatembeatembea kama maji, matumaini ni madogo.

Fungu la tatu likivimba, angalia sahani ya wazazi. Chakula cha kuku wa kutaga kimetengenezwa ili wataga mayai ya kula. Vitamini zinazohitajiwa kujenga kifaranga ni nyingi zaidi, hasa B2. Miezi miwili kabla ya kukusanya mayai ya kuangulia, wape chakula cha kuku wazazi ukikipata. Usipokipata, ongeza majani mabichi kama sukuma wiki, mchicha na lusini, omena kidogo, na vitamini za maji kutoka duka la dawa za mifugo. Kiinitete kifupi, manyoya yamejikunja kama vifundo, vidole vimekunjika: hiyo ni B2 haswa.

Vifaranga wenye kasoro

Swali la kwanza siku zote ni wangapi. Mmoja katika sitini ni bahati mbaya. Watano wenye kasoro ileile wana sababu.

Ubongo ulio nje ya fuvu, jicho moja kukosekana, au utumbo nje: haya hujengwa siku za mwanzo kabisa, na joto lililopanda siku tatu za kwanza ndilo mshukiwa mkuu. Kuna watu wanaotia mayai kwenye mashine waliyoiwasha dakika kumi zilizopita, nayo ikapitiliza ikitafuta joto lake. Iwashe tupu saa 24 kwanza. Kifaranga wa namna hii usimwache ateseke.

Mdomo uliopinda kama mkasi mara nyingi ni wa kuzaliwa katika ukoo. Kama jogoo wako ni mtoto wa mitetea wako, au umefuga ukoo mmoja miaka mitano bila kubadilisha, utaanza kuuona, pamoja na mayai yasiyo na mbegu na vifaranga dhaifu. Badilishana jogoo na mtu wa kijiji kingine.

Miguu iliyopanuka pande mbili kama mchezaji wa sarakasi mara nyingi si ugonjwa. Ni sakafu. Trei laini ya plastiki, au magazeti, ambayo karibu kila mtu huyatandika, huteleza na nyonga hufunguka. Tandika kitambaa cha gunia au taulo kuukuu. Aliyekwisha kupanuka mfunge miguu kwa ukanda wa plasta, ukiacha nafasi ya upana wa vidole viwili vya mtu mzima, siku mbili hadi nne. Ukianza siku hiyo hiyo hupona wengi. Ukingoja wiki, umechelewa.

Vidole vilivyopinda tangu anapotoka, bila ulegevu mwingine, vinaweza kutokana na joto au ukoo. Mtengenezee kiatu cha kadibodi na plasta, vidole vikiwa vimenyooshwa. Lakini kifaranga aliyetoka mzima kisha wiki ya pili akaanza kutembea kwa visigino, vidole vikikunjwa ndani kama ngumi, anakosa B2 katika chakula chake mwenyewe. Mpe mapema, kabla neva hazijaharibika moja kwa moja.

Shingo inayorudi nyuma akitazama mbingu mara nyingi huhusishwa na upungufu wa B1. Mwanzishie vitamini za B kwa matone mdomoni, na umnyweshe kwa mkono, kwa sababu mwenyewe hawezi kulenga bakuli.

Kitovu kisichofunga, chenye kamba nyeusi au chembe ya damu, kinatokana na joto la juu au unyevu mbaya siku za mwisho. Tumbo likivimba, likawa bluu, likanuka, hiyo ni maambukizi, na chanzo ni mayai machafu au mashine isiyooshwa. Hao hawaponi. Watenge wote, na usijaribu kugawa dawa za kuua bakteria kwa kubahatisha. Kinyesi cheupe kinachoganda nyuma, vifaranga wakifa kwa wingi wiki ya kwanza, mwite daktari wa mifugo. Kuna ugonjwa wa salmonela unaopita ndani ya yai kutoka kwa mama, na kuku aliyepona huendelea kuubeba.

Baada ya kila mzunguko toa manyoya yote, osha trei kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, futa kwa maji ya klorini, anika juani zikauke kabisa. Feni ifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa.

Mimi ninaye mtetea mmoja mwenye mdomo wa mkasi, wa mzunguko ule wa kwanza. Watoto walimkatalia kisu. Anakula kwenye sufuria yenye kina, akichota kama kijiko, na anataga vizuri tu. Mayai yake natia alama ya kalamu nyekundu, yanakwenda jikoni.